Kinanda kimegoma? Pitia haya yote kabla hujakipeleka kwa fundi (mwongozo kamili)

Vinanda vingi vinavyofungwa kwenye boda na kupelekwa kwa fundi hapa Kampala havijaharibika ndani. Ni adapta imekufa, au jeki ya hedifoni imekwama, au kuna mtu kwenye mkesha alibonyeza batani asiyoijua akaacha hivyo hivyo na asubuhi mpiga kinanda anakuta sauti imepotea. Sa fundi akikifungua bila kuuliza chochote, hapo ndo shida ya kweli inaanza, waya bapa zinakatika, skrubu zinapotea, na kinanda kilichokuwa kizima kinarudi nyumbani na noti tatu hazilii.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kitu chochote jua kwanza tatizo liko upande gani: kwenye umeme, kwenye setingi, kwenye waya za nje, au kwenye noti zenyewe. Ukishajua upande, nusu ya kazi imeisha na hata fundi hawezi kukudanganya. Nitaenda kwa mpangilio huo huo, nawe fuata hivyo hivyo, usiruke.

Vitu vya kuwa navyo ni vichache. Testa ndogo ya umeme ile ya dijitali, hedifoni moja unayojua ni nzima, waya moja ya jeki unayojua ni nzima, betri mpya kama kinanda chako kinakubali betri, bisibisi ya nyota, brashi laini, pamba za masikio, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Hiyo alkoholi mafundi wa simu wanaitumia kila siku, waulize wale wa jengo la Mutaasa Kafeero hapa mjini watakuonyesha duka wanaponunua. Spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi, inakauka polepole, si nzuri sana kwa bodi. Petroli, mafuta ya taa, WD-40 na tina ya rangi usivisogeze kabisa karibu na kinanda, vinakula plastiki na raba.

HAKIWAKI KABISA

Anza ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile uone kama inachaji, maana ekstensheni za kanisani zinachoka na Yaka (umeme wa kulipia kabla) nayo inaisha bila kumwambia mtu. Kama kinanda chako kina waya mkubwa wa umeme unaoingia moja kwa moja bila adapta, fungua ile plagi ya pini tatu za mraba, ndani mna fyuzi ndogo, ikiwa imeungua weka nyingine ya ampea zile zile. Usiweke kipande cha waya badala ya fyuzi, najua watu wanafanya hivyo, lakini fyuzi ipo pale ili iungue yenyewe kabla ya nyumba.

Soketi ikiwa nzima njoo kwenye adapta. Kipimo rahisi kuliko vyote ni betri. PSR-E nyingi za Yamaha na Casio nyingi ndogo zinachukua betri 6, sa wewe toa kabisa plagi ya adapta nyuma ya kinanda (ikibaki ndani, kwenye vinanda vingi inakata betri), weka betri mpya zote kwa pamoja, washa. Kikiwaka, bodi iko salama, shida ni adapta au ile tundu ya kuchomeka adapta. Kisipowaka hata kwa betri mpya, angalia springi za betri kama zina unga mweupe au kijani, hiyo ni betri ya zamani ilivuja. Chovya pamba kwenye siki au ndimu kidogo, sugua hadi ung'ae, alafu pitisha alkoholi, acha ikauke, jaribu tena.

Kama shida ni adapta, hapa nisikilize vizuri maana hapa ndo vinanda vingi vinauawa. Mtu akipoteza adapta anaenda kununua yoyote ambayo plagi yake inaingia. Kuingia hakumaanishi chochote. Kuna mambo matatu ya kulinganisha na maandishi yaliyoko nyuma ya kinanda.

La kwanza volti, lazima ziwe zile zile. PSR-E za Yamaha nyingi ni volti 12, lakini PSR-S670 ni volti 16, zote Yamaha, ukibadilishana umekwisha. La pili ni upande wa chanya na hasi, kuna kale kamchoro ka duara lenye nukta katikati na alama za + na −, kanaonyesha kama chanya iko ndani ya plagi au nje. Yamaha hizi ndogo chanya iko ndani. Casio za zamani zinazotumia adapta ya volti 9 ya AD-5 hasi ndo iko ndani, alafu Casio mpya zinazotumia ile ya volti 9.5 chanya iko ndani, yaani hata Casio mbili ndani ya kanisa moja hazikopeshani adapta hivi hivi. La tatu ampea, hapo adapta ikizidi haina neno, ikipungua ndo shida. Kinanda kinachohitaji ampea 1.5 ukikipa adapta ya nusu ampea kitawaka vizuri tu, afu ukiongeza sauti au ukipiga kodi nzito na ridhimu kinazima au kinajiwasha upya chenyewe. Ukiona dalili hiyo usihangaike na bodi, ni njaa ya umeme.

Kupima adapta, weka testa kwenye volti za DC, ncha nyekundu ndani ya plagi nyeusi nje. Ikisoma karibu na kilichoandikwa ni sawa, ikionyesha alama ya − mbele ya namba basi hasi iko ndani. Adapta nzito za zamani zenye transfoma zinaweza kusoma juu kidogo zikiwa hazijabeba mzigo, usishtuke. Ikisoma sifuri pindapinda waya pale karibu na plagi na pale unapotokea kwenye boksi huku unaangalia testa, namba zikirukaruka waya umekatika ndani, fundi yeyote wa radio anauunga kwa dakika chache.

Adapta ikiwa nzima na kinanda hakiwaki, chomeka afu itikise kidogo sana. Kikiwaka na kuzima, ile tundu imelegea, solda yake imepasuka kwa sababu ya kuchomekwa na kuvutwa kila Jumapili. Ni kazi ndogo ya kusolda upya, na hii hata ukimpelekea fundi mwambie kabisa "fundi, kwa betri kinafanya kazi, adapta nimeipima iko sawa, ni tundu ya DC ndo imelegea," hapo atakutoza ya tundu.

Kingine, vinanda vilivyotumika vinavyokuja kutoka nje. Japani umeme wake ni volti 100, Marekani 120, sisi hapa ni 240. Kinanda cha kutoka Japani chenye waya wa moja kwa moja ukikichomeka ukutani Kampala kinalipuka siku ya kwanza. Soma kibao cha nyuma kabla ya kulipa, kikisema 100V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha. Kama kinatumia adapta basi ni rahisi zaidi, unanunua tu adapta sahihi ya huku.

Na kuna vile vinavyozima vyenyewe mtu anadhani vimeharibika. Yamaha nyingi zimewekewa kujizima baada ya dakika 30 kama hakuna anayegusa, mahubiri yakiwa marefu unarudi unakuta kimezima. Kwenye PSR-E nyingi na P-45 unashikilia noti ya mwisho kabisa kushoto huku unawasha, hiyo kitu inaondoka.

KINAWAKA LAKINI KIMYA

Hii ndo inayotisha watu na mara nyingi ndo rahisi. Kwanza angalia tundu ya hedifoni. Watu wanachomoa hedifoni wanaacha ile adapta ndogo ya kubadilisha jeki ndogo kuwa kubwa imebaki ndani, na kinanda kinajua bado kuna hedifoni, kinanyamazisha spika. Itoe. Kama hakuna kitu ndani, chomeka jeki na kuchomoa kama mara kumi, maana ndani ya tundu kuna kaswichi kadogo kanakokata spika na kanaweza kukwama na vumbi. Sauti ikirudi, pulizia humo klina ya kontakti za umeme ili isirudie.

Kama kwenye hedifoni kuna sauti na kwenye spika hakuna hata baada ya hapo, basi ni hako kaswichi au waya za spika. Kama kwenye hedifoni pia kimya, geukia setingi. Kuna setingi inaitwa Local, ikiwa Off noti zako zinatuma data kwenye kompyuta tu hazipigi sauti ya kinanda chenyewe. Mtu akikitumia kinanda na laptop akirekodi anaizima akasahau kuirudisha, Jumapili kinanda kinawaka, skrini inaonyesha noti, sauti hakuna. Ingia kwenye menyu itafute, weka On. Angalia pia volyumu ya voisi kuu, angalia kama umechagua seti ya ngoma au ya milio ya ajabu ambayo noti nyingine zinakuwa tupu, na kama kuna pedali ya volyumu nyuma ichomoe.

Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, hiyo ni vumbi. Zima, izungushe mwanzo hadi mwisho mara nyingi, inapungua. Dawa kamili ni klina ya kontakti.

SAUTI IKO LAKINI HAIELEWEKI

Kinanda hakiendani na gitaa wala na waimbaji? Tazama transpozi (setingi ya kupandisha au kushusha ki) kabla ya kulaumu mtu. Wapigaji wengi makanisani wanapiga ki moja tu na kuhamisha kwa transpozi, afu anayefuata anakikuta kwenye +3. PSR-E nyingi ukiwa kwenye ukurasa wa transpozi ukabonyeza + na − kwa pamoja inarudi sifuri. Kama tofauti ni ndogo, chini ya nusu noti, ni tuning, irudishe kwenye hetsi 440.

Noti zote zinalia kwa nguvu ile ile hata ukigusa polepole, mtu alizima tachi (setingi inayofuata nguvu ya kidole chako), iwashe. Noti zinakatika katikati ukiwa umeshikilia pedali na umeweka voisi mbili pamoja, hapo kinanda kimefika mwisho wa noti kinazoweza kushika kwa wakati mmoja. P-45 ni noti 64, PSR za zamani nyingi ni 32, na ukiweka piano na strings pamoja kila noti unayopiga inakula nafasi mbili au zaidi, ongeza na ridhimu inayocheza nyuma. Hakuna cha kutengeneza hapo, toa voisi moja tu.

Ukiona mambo hayaeleweki kabisa fanya rizeti. Kwenye PSR-E nyingi unashikilia noti nyeupe ya mwisho kulia huku unawasha. Ukishikilia hiyo pamoja na noti nyeusi tatu za mwisho kulia inafuta na mafaili uliyoingiza, nyimbo na ridhimu ulizoweka kutoka kwenye kompyuta, sa kabla ya hiyo ya pili hakikisha una kopi. Brandi nyingine zina njia zao, kitabu chake kiko bure kwenye tovuti ya kampuni, tafuta kwa jina la modeli.

PEDALI INAFANYA KINYUME

Usipokanyaga sauti inavuta, ukikanyaga inakata. Haijaharibika. Kampuni zimetengeneza pedali kwa njia mbili zinazopingana na vinanda vingi vinajipima wenyewe wakati wa kuwaka. Zima kinanda, chomeka pedali hadi mwisho, toa mguu kabisa, washa. Ukiwasha huku umeikanyaga ndo inageuka. Pedali za kununua zenyewe mara nyingi zina kaswichi chini kwenye tumbo lake, kageuze. Isipofanya lolote jaribu kwa kuchomoa kidogo jeki na kurudisha, nyingi ni waya umekatika pale kwenye jeki.

KWENYE SISTIMU YA KANISA: MLIO NA SAUTI NYEMBAMBA

Mlio ule wa mmmmm unaokaa pale pale hata usipopiga, mara nyingi unatoka kwenye umeme. Pima hivi: acha kinanda kimeunganishwa kwenye miksa lakini chomoa adapta kiende kwa betri. Mlio ukiisha, ni umeme, ukibaki, ni waya ya jeki au chaneli ya miksa. Badilisha waya, badilisha chaneli, kimoja kimoja, usibadilishe viwili kwa pamoja maana hutajua kipi kilisaidia.

Ukiwa ni umeme, leta kinanda na miksa na ampu vyote kwenye ekstensheni moja kutoka soketi moja, mara nyingi hiyo peke yake inatosha, kwa sababu mlio unazaliwa pale vifaa vimefika kwenye ardhi kwa njia mbili tofauti. Kama kuna laptop imechomekwa kwenye kinanda kwa waya wa USB, chomoa chaja yake usikilize. Ikiwa ndo yenyewe, laptop itumie betri wakati wa ibada au weka DI boksi (kaboksi kanakotenganisha ardhi ya vifaa viwili) kati ya kinanda na miksa. Inveta za bei nafuu za sola nazo zinatoa umeme mchafu unaosikika kwenye spika, hapo betri za kinanda ni rafiki yako. Kitu kimoja usifanye hata ukiambiwa na nani: usikate ile pini ya ardhi kwenye plagi ili mlio uishe, utaisha kweli lakini siku bodi ya ampu ikipata shoti mpiga kinanda ndo anakuwa njia ya umeme.

Sasa hii ya sauti nyembamba. Nimeisikia makanisa mengi sana, kuanzia Nsambya hadi kwa ndugu zetu wa Nakivale, na karibu kila mara sababu ni ile ile. Kinanda hakina tundu ya output, kina ya hedifoni tu, kwa hiyo mtu anachukua waya wenye jeki ya stirio pande zote mbili, ile yenye pete mbili nyeusi, anachomeka hedifoni ya kinanda upande huu na chaneli moja ya miksa upande ule. Piano inasikika kama iko kisimani, besi imepotea, kimebaki mwangwi tu. Wanaongeza volyumu, wanaongeza besi kwenye miksa, haisaidii, wanasema kinanda kimezeeka.

Kinachotokea ni hivi. Ile tundu ya miksa ni balansi, inachukua kilichopo kwenye ncha ya jeki na kutoa kilichopo kwenye pete. Hedifoni inatuma kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Sa miksa inachukua kushoto inatoa kulia, na kila kitu kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Piano yako iko katikati, yaani iko sawa pande zote, ndo inayofutika, kinabaki kile kilicho tofauti tu, mwangwi na korasi.

Dawa ni waya wa Y, upande mmoja jeki moja ya stirio inaingia hedifoni, upande mwingine jeki mbili za mono zinaingia chaneli mbili za miksa, moja unaivuta kushoto nyingine kulia. Kama kinanda kina L/MONO na R na wewe una waya mmoja tu, tumia L/MONO peke yake, kinachanganya chenyewe ndani. Volyumu ya kinanda iwe kati ya nusu na robo tatu, utamu mwingine uongezwe kwenye miksa. Ukiiweka chini sana unaokota kelele, ukiijaza kabisa inapasuka.

NOTI ZISIZOLIA, NA ZINAZOPIGA KELELE PEKE YAKE

Hapa ndo bisibisi inaingia, lakini kwanza elewa. Chini ya kila noti kuna raba yenye vidoa viwili vya kaboni na chini yake bodi yenye kontakti mbili. Ukibonyeza, moja inagusa mapema kidogo kuliko nyingine, na kinanda kinapima muda kati ya hizo mbili: muda mfupi umepiga kwa nguvu, muda mrefu umepiga polepole. Sa vumbi likikaa kwenye moja, hesabu inavurugika. Ndo maana noti moja inaweza kuwa kimya leo, kesho inapiga kelele kuliko zote hata ukiigusa kwa ukucha. Zote mbili ni ugonjwa mmoja, na vumbi letu jekundu la barabara za maramu linapenda sana hapo, pamoja na mende na sisimizi.

Piga noti zote moja moja kutoka kushoto hadi kulia, polepole kisha kwa nguvu, andika kwenye karatasi zilizo mbovu. Zikiwa moja moja zimetawanyika au zimekaa jirani, ni uchafu. Zikiwa na mpangilio, kwa mfano kila baada ya idadi fulani ya noti moja haifanyi, au kundi zima la karibu nane limekufa pamoja, hiyo siyo vumbi, ni waya bapa umechomoka au njia kwenye bodi imekatika, maana noti zimeunganishwa kwa mistari na makundi. Noti iliyozama na kubaki chini kwanza imulike kwa tochi ya simu, sarafu na kalamu za watoto zinaishi humo.

Kufungua sasa. Zima, toa adapta, toa betri, subiri dakika chache. Laza kinanda uso chini kwenye blanketi safi na uweke vitabu au nguo zilizokunjwa pande zote ili batani na volyumu zisibebe uzito. Piga picha kila hatua kwa simu. Skrubu zina urefu tofauti, zipange kwenye karatasi uliyochora umbo la kinanda, kila skrubu ichomekwe pale ilipotoka, kwa sababu ndefu ikirudi kwenye tundu la fupi inatoboa hadi juu. Ukifungua mgongo usivute kwa nguvu, kuna waya za spika na za betri zimeunganisha pande mbili. Gusa kitu cha chuma kilichofika ardhini kabla ya kugusa bodi, hasa miezi ya kiangazi hewa ikiwa kavu.

Waya bapa zote zisukume zikae vizuri, wakati mwingine tatizo linaisha hapo hapo na unafunga. Kama bado, toa bodi ya kontakti ya upande wenye noti mbovu. Raba ziko kwa vipande vya oktavu moja moja, zivute taratibu kwa kufuata vile vichomekeo vyake vidogo, vikikatika raba haitakaa tena. Futa vidoa vya kaboni kwa pamba kavu au iliyoguswa alkoholi kidogo sana, usisugue kwa nguvu maana kaboni inatoka. Kontakti za bodi zifute kwa pamba yenye alkoholi hadi pamba ibaki nyeupe. Subiri zikauke kabisa, rudisha raba, ingiza vile vichomekeo kwa kijiti butu na siyo kwa kisu, na hakikisha hakuna unywele ulioingia chini.

Kabla ya kufunga yote, weka skrubu chache tu, geuza ujaribu noti. Noti iliyosafishwa na bado ni dhaifu kaboni yake imeisha, unaweza kupaka penseli laini ya 4B kwenye kidoa, itakusukuma wiki kadhaa hadi upate raba. Raba zinauzwa kwa modeli, na watu wengi wanatoa kwenye vinanda vilivyokufa bodi, hivyo kinanda cha modeli yako kilichokufa usikidharau.

SODA IMEMWAGIKA

Zima sekunde hiyo hiyo, usimalizie wimbo. Chomoa kila kitu, toa betri, kigeuze noti zitazame chini. Maji matupu unakiacha hivyo kwenye hewa siku mbili tatu bila kuwasha hata mara moja kujaribu. Usikianike juani, plastiki inapinda, na kuzika kwenye mchele hakusaidii, kunaingiza unga. Soda au chai yenye sukari lazima kifunguliwe, sukari ikikauka inashika noti na inakula kontakti polepole, inafutwa kwa maji yasiyo na madini (distilled), yale ya kuongezea kwenye betri ya gari na siyo asidi yake, alafu alkoholi, alafu kukausha.

LAPTOP NA SIMU

Tundu ya mraba iliyoandikwa TO HOST ni ya laptop au simu, ile bapa ya TO DEVICE ni ya flashi, na flashi iwe fomati ya FAT32. Simu ya Android unahitaji OTG, kale kaadapta ka kuchomeka USB kwenye simu. Ukipiga noti na sauti inachelewa kwenye Windows weka draiva ya ASIO (programu ya sauti isiyochelewesha) na punguza bafa, yaani kiasi cha sauti kompyuta inachokusanya kabla ya kuitoa, sampuli 256 kwa 44100 ni kama milisekunde 6 hivi na mkono hausikii. Hedifoni za Bluetooth zitachelewa tu, tumia za waya.

RADI, JENERETA NA FUNDI

Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ngurumo zikianza chomoa adapta ukutani na pia waya wa jeki kutoka miksa, kuzima swichi hakutoshi. Umeme ukikatika katikati ya ibada zima kinanda kabla jenereta haijawashwa, acha itulie, ndo uwashe. Ile gadi ya friji inayosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme ukirudi inafaa sana na kinanda, inunue.

Kuna vitu vya kumwachia fundi: bodi kuu iliyonuka kuungua, skrini iliyopasuka, na pawasaplai ya ndani ya vinanda vikubwa, mle kapasita zinashika umeme mkali hata baada ya kuchomoa. Ukienda mpe ile karatasi ya noti mbovu na mweleze ulichopima, muombe akufungulie ukiwa hapo kama inawezekana, na siku ya kuchukua usilipe kabla hujapiga noti zote kutoka chini hadi juu polepole na kwa nguvu, ukajaribu pedali, hedifoni na spika, ukakiacha kimewaka kwa adapta yako mwenyewe angalau dakika kumi, afu ukigeuze uhesabu skrubu.